Huduma njema, pampu kavu: kituo kimoja cha mafuta Barabara ya Mandela

Kwa miaka minne nimekuwa nikijaza mafuta katika kituo kimoja cha Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, ambacho sitakitaja kwa jina kwa kuwa watakaoumia ni wafanyakazi wake, si mimi. Vipimo vyao ni vya haki, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) hutolewa bila kuombwa, na wahudumu hukusalimia kwanza kabla ya kukuuliza unaweka ya shilingi ngapi.

Hata hivyo, kwa miezi mitatu sasa pampu mbili kati ya nne zimevishwa viroba, na dizeli hukatika katikati ya mwezi. Sheli ikikauka siku moja au mbili kabla ya Jumatano ya kwanza, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo mpya, watu hudhani kwamba mwenye mali anasubiri bei ipande. Lakini inapokauka tarehe 17, wakati bei hiyo haiguswi, mimi naona dalili ya kampuni iliyokosa fedha ya kulipia boza la mafuta litoke ghalani Kigamboni.

Wafanyakazi wenyewe hawafichi sana. "Kaka, jaza tenki kabisa leo, kesho hata mimi sijui kama nitakuwepo," aliniambia mama mmoja aliyepitisha miaka kumi kazini, kisha akanionyesha kwenye simu taarifa yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako michango ya miezi mitano haionekani ilhali kwenye hati ya mshahara amekatwa kila mwezi. Kiinua mgongo amekwisha kukipigia hesabu: sheria inampa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, lakini hesabu hukomea miaka 10, hivyo ni siku 70 tu, tena iwapo siku ya kuachishwa kazi kutakuwa na cha kulipa.

Katika hali hiyo, uongozi unazidi kuwashawishi wateja wanunue kadi ya malipo ya awali yenye punguzo dogo. Kununua mafuta pale kwa fedha taslimu hakuna ubaya. Kuwaachia fedha yako mapema ni kuwakopesha. Salio langu la shilingi 180,000 nililimaliza wiki iliyopita kwa kujaza petroli mara mbili, nikairudisha kadi dirishani, na keshia akaipokea bila kuuliza sababu.