The Fault in Our Stars: ukodi, ununue au uwekewe kwenye flashi?

Kama uliisoma riwaya ya John Green iliyotoka 2012 ukalala na macho mekundu, filamu yake ya 2014 utaitafuta tu, hata ukatazwe. Kazi ni kujua ulipie njia ipi. Mimi nimezijaribu karibu zote, na kipimo changu ni kimoja: je, pumzi ya Hazel, msichana ambaye hadithi ni yake, inasikika?

Sitanii. Hazel Grace ana saratani ya tezi ya shingoni iliyosambaa hadi mapafuni, na mtungi wa oksijeni hauachi. Wanapofika Amsterdam, kwenye nyumba alimojificha Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyewakimbia Wanazi, anazipanda zile ngazi kali akitweta kila kidato. Shailene Woodley, anayemwigiza, haongei sana pale, anahema tu. Ukiikosa sauti hiyo, umeona msichana anapanda ngazi, basi.

Kwa hiyo namba moja naipa kukodi mtandaoni. Kwa kawaida YouTube na Apple hukupa siku 30 za kuanza kutazama, na ukishaanza unabaki na saa 48. Filamu ina dakika 126, kwa hiyo unaweza kulia peke yako Ijumaa usiku na kurudia Jumamosi na dada yako kwa malipo yaleyale. Kinachoumiza ni bando. Netflix hukadiria hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa HD. Chukua hiyo kama kipimo, uone kuwa HD inaweza kula GB 6 kabla hujafuta machozi. Chagua picha ya kawaida, uvae hedifoni.

Namba mbili ni diski ya Blu-ray, hasa toleo la Little Infinities, lenye dakika chache za ziada na sauti za Green mwenyewe na mwongozaji Josh Boone wakiizungumzia filamu. Hii ni ya yule aliyekariri kitabu na anayeuliza Caroline Mathers, mpenzi wa zamani wa Augustus, kijana anayependana na Hazel, ameenda wapi. Ameondolewa kabisa. Wenzangu wananuna, mimi naona hadithi imekuwa nyepesi bila yeye.

Ila kabla hujatoa hela, geuza kasha usome kanda, yaani namba au herufi ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Shangazi aliwahi kuniletea DVD kutoka Marekani, ameiviringisha ndani ya kitenge isivunjike. Nikaipachika, deki ikanguruma kidogo, ikaandika kosa la kanda, ikaitema. Nikairudisha, ikaitema tena. DVD za Marekani ni za kanda ya 1, za Afrika Mashariki ni ya 5. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, Afrika na Ulaya ni B. Ziko deki zinazosoma kanda zote, lakini muulize muuzaji aijaribu mbele yako. Shangazi sikumwambia hadi leo.

Kununua kidijitali ni namba tatu. Unalipa zaidi ya kukodi, na unachopata ni ruhusa ya kutazama kupitia akaunti yako. Huwezi kumwazima jirani kama diski. Usajili wa mwezi unafuata, na hapo neno ni moja: tafuta jina la filamu kwanza ndipo ulipe, kwa sababu orodha hutofautiana nchi kwa nchi na leo ipo, kesho imeshatolewa.

Mwisho kabisa ni kuwekewa kwenye flashi. Ni wizi, na waliotengeneza filamu hawapati hata senti, hilo mnalijua. Zaidi ya hapo, nakala nyingi za mtaani zimetafsiriwa. Madj nawapenda kwenye filamu za ngumi, lakini fikiria mtu anakupigia soga juu ya zile ngazi za Amsterdam! Na hujui utawekewa nini. Mara moja niliomba hii, nikafika nyumbani nikakuta watu wanaimba Kihindi: ilikuwa Dil Bechara ya 2020, iliyotokana na kitabu hikihiki, filamu ya mwisho ya Sushant Singh Rajput, iliyotoka baada ya yeye kufariki. Badala ya Amsterdam wanaenda Paris, na muziki ni wa A. R. Rahman. Niliitazama hadi mwisho, nikalia vilevile, kisha nikaenda kukodi niliyoitaka.