Uzoefu wangu: grinkadi ya masharti, barua ya miezi 48 na yule kijana wa kaunta

Kama umeolewa na Mmarekani au umeoa huko, maombi yako ya kuondolewa masharti bado yako kwenye foleni, na unataka kwenda nyumbani kusalimia, soma hii kabla hujakata tiketi. Nimekaa nayo moyoni wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa.

Sitaeleza fomu I-751, ile ya kuomba kuondolewa masharti kwenye grinkadi (kadi ya ukaazi), inajazwaje, hilo kila mtu anaweza kulitafuta. Kwa asiyejua kabisa: ukipewa ukaazi wa Marekani kabla ndoa yenu haijatimiza miaka 2, unapewa kadi ya miaka 2 tu, na ndani ya siku 90 za mwisho wewe na mwenzio mnapeleka maombi ya pamoja kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli. Masharti hayo yalikuja na sheria ya mwaka 1986 ya kuzuia ndoa za kughushi. Sina ugomvi nayo. Wapo watu wanaofunga ndoa ya makaratasi, tunawajua. Sisi tulilipa dola zetu 750, tukapeleka ritani za kodi, mkataba wa nyumba, taarifa za benki zenye majina yetu wote wawili, bima, picha za harusi na za baada ya harusi, na barua za watu wanaotufahamu. Furushi lile lilikuwa zito.

Baada ya muda si mrefu ikaja barua kutoka idara ya uhamiaji ya Marekani. Barua hiyo ndiyo kila kitu. Inasema maombi yamepokelewa, na kwamba ukiishika pamoja na kadi yako iliyokwisha muda, ukaazi wako unaongezewa miezi 48 kuanzia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi. Unaruhusiwa kufanya kazi, unaruhusiwa kusafiri. Hapo niliwapa alama zote. Nilimwambia mume wangu, hawa watu wamejipanga.

Halafu mama akafanyiwa upasuaji wa nyonga Dar. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, nikaenda peke yangu. Kwenda hakukuwa na neno. Nimekaa na mama, nimemwogesha, nimemfundisha kutembea na lile fremu lake mpaka akafika mlangoni mwenyewe, muda wa kurudi ukafika.

Kwenye kaunta ya shirika la ndege, ambalo sitalitaja, kulikuwa na kijana mmoja. Nikampa pasi, kadi na barua, zote tatu pamoja, barua halisi siyo kopi. Akaitazama kadi.

"Dada, hii imekwisha."

"Ndiyo kaka, ndiyo maana kuna barua. Soma hapo katikati, wameongeza miezi 48."

Hakusoma. Nasema hakusoma kwa sababu nilikuwa namtazama macho. Aliishika barua kwenye pembe, akaigeuza nyuma, akaona nyuma kuna maandishi madogo madogo, akairudisha mezani.

"Hii ni karatasi. Karatasi hata stesheneri wanakutolea. Mimi nataka kadi."

Nikamweleza taratibu. Nilikuwa bado na adabu zangu zote. Nikamwonyesha namba ya ukaazi kwenye kadi na namba ile ile kwenye barua. Jina moja, tarehe ya kuzaliwa moja. Akaniuliza kadi hii nimeipataje. Nikasema kwa ndoa.

"Huyo mume mwenyewe yuko wapi? Mbona hajaja na wewe?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Kulikuwa na mzee na mkewe, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ambaye alisonya, na sikujua anamsonya kijana au ananisonya mimi ninayechelewesha watu. Nikasema mume wangu yuko kazini. Kijana akamgeukia mwenzake wa kaunta ya pili, wakatazamana, akacheka kidogo kwa pembeni, kisha akaniambia, "Haya mpigie basi, tumsikie."

Sikumpigia. Ndoa yangu haithibitishwi kwenye mizani ya mabegi. Nikaomba mkuu wake.

Mkuu alichelewa kuja. Alipokuja alikuwa mstaarabu, siwezi kumsingizia: "Pole sana dada, tuvumiliane, ngoja niulize." Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mimi nimesimama pembeni na begi langu, watu wote niliokuwa nao kwenye foleni wamepita, hata yule mama mwenye mtoto. Kaunta ikafungwa. Ndege ikaondoka, nikarudi kwa mama usiku ule na begi langu, naye akaanza kulia akidhani nimefukuzwa Marekani. Mtu ana jeraha la upasuaji, analia kwa sababu kijana fulani hakutaka kusoma aya moja.

Kesho yake nikalipia mabadiliko ya tiketi, pesa nyingi tu, nikarudi pale pale. Shirika lile lile, kaunta ile ile, karatasi zile zile. Zamu ilikuwa ya binti mmoja. Akachukua kadi, akachukua barua, akahesabu miaka kwa vidole kuanzia tarehe ya kwenye kadi, akaangalia kompyuta yake, akasema, "Hii bado iko hai sana dada, weka begi." Kuipima begi kulichukua muda mrefu kuliko kukubali barua.

Nimejitahidi kumtendea haki yule kijana. Najua mashirika ya ndege hutozwa faini yakimpeleka Marekani mtu asiye na hati, na najua mfanyakazi wa kaunta anaogopa lawama kumwangukia yeye. Hilo nalikubali. Angesema, "Dada, barua hii siijui, naogopa, ngoja nimwite mwenye kujua," ningesubiri kwa moyo mweupe na leo nisingeandika chochote. Lakini mamlaka ya mipaka ya Marekani inatoa mwongozo kwa ajili ya mashirika ya ndege, na humo imeandikwa kwamba kadi ya ukaazi iliyokwisha pamoja na barua ya kuongezewa muda ni hati halali ya kupanda ndege. Binti aliijua, kijana hakuijua, na badala ya kuuliza akaanza kuhoji ndoa yangu mbele za watu. Kwa hiyo hapana, simsamehi. Kwa huduma ile, sifuri.

Lakini kila nikikaa kulifikiria jambo hili, hasira inamvuka yule kijana inakwenda mbali zaidi. Kwa nini mtu mzima, mwenye ndoa halali, anatembea na kadi iliyokwisha na karatasi? Kwa sababu maombi hayaguswi. Tazameni barua yenyewe ilivyokuwa. Zamani ilikuwa inaongeza miezi 12. Mwaka 2018 ikawa 18. Mwaka 2021 ikawa 24. Januari 2023 ikawa 48. Kila foleni ilipozidi kuwa ndefu, barua nayo ikarefushwa kuifuata. Kadi yenyewe ni ya miaka 2, na nyongeza ya kuisubiria kadi ijayo ni miaka 4! Nyongeza ni mara mbili ya kitu inachokiongeza, halafu tunaambiwa tushukuru. Na mimi nilishukuru, ndicho kinachoniuma. Anayebeba mzigo wa kueleza ucheleweshaji huo kwenye kaunta, kwa mwajiri, kwenye ofisi ya leseni ya udereva, ni sisi. Wao wameshatuma barua, wamemaliza.

Kabla sijasafiri nilipiga simu ya msaada ya idara ya uhamiaji kuomba nigongewe kwenye pasi ule muhuri wa I-551, unaothibitisha ukaazi, kwa sababu muhuri ulio ndani ya pasi hata asiyesoma anauheshimu. Sauti ya upande wa pili ikaniambia barua yangu bado hai, muhuri sihitaji. Nikaeleza mama ni mgonjwa na nasafiri peke yangu. Jibu lilikuwa lile lile. Sasa ushauri wangu: ombeni muhuri hata mkikataliwa, ombeni tena. Bebeni barua halisi, cheti cha ndoa na ule mwongozo wa mashirika ya ndege mmeuchapa kabisa, na fikeni uwanjani mapema kuliko mlivyozoea. Hakuna lolote kati ya hayo linalopaswa kuwa kazi yetu, lakini fanyeni.

Wapo wanaoniambia, "Chukua uraia yaishe." Ni kweli aliyeolewa na raia na wanaishi pamoja anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi, na mara nyingine maombi yote mawili yanaamuliwa siku moja. Jirani yangu Mkenya alifanya hivyo akapumua, maana katiba yao ya 2010 inamruhusu kubaki Mkenya. Mimi ni Mtanzania. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Yaani nikimbie foleni ya ofisi moja kwa kuukana uraia wa nchi alipolala mama yangu na jeraha lake? Siko tayari, na sitaki mtu yeyote aniambie hiyo ni njia ya mkato.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema utaratibu ni mzuri ila yule kijana ni mbovu. Sisemi hivyo tena. Kijana ni mbovu, na utaratibu unaomwachia mtu kama yule aamue kama mimi ni mke wa mtu ni mbovu zaidi yake. Binti wa zamu ya pili ndiye peke yake ninayempa alama, na nimeandika jina lake kwenye malalamiko yangu ili wakubwa zake wajue wana mtu anayesoma.

Shirika limenijibu kwamba "hatua zilichukuliwa kwa kuzingatia usalama." Usalama gani, ikiwa kesho yake hati zile zile zilipita? Hela ya kubadilisha tiketi bado nawadai. Barua ya pili ya madai imekwenda wiki hii, na ile ya miezi 48 nimeiambatanisha juu kabisa, nimepigia mstari ile aya ambayo kijana wao hakuisoma.