Kurekebishiwa Kiingereza cha menyu Mtwara mjini: kazi safi, ila uwe na subira

Nina mgahawa mdogo Mikindani. Wateja wengi ni wenyeji, lakini wanapita pia wageni wanaokuja kuangalia majumba ya kale, na hao ndio walionifanya nitake menyu ya Kiingereza. Duka la kwanza, silitaji, walinichapia fasta, wakapiga lamineshi, wakachukua chao. Mgeni mmoja akaomba kuipiga picha, nikajua kaipenda. Kumbe wali wa kukaanga umeandikwa "fried lice". Chawa wa kukaanga, na bei juu!

Huku kwetu r na l zinapishana mdomoni, kwa hiyo kosa lenyewe halinishangazi. Kilichoniudhi ni yule kijana kuniambia kompyuta ilishakagua. Kompyuta huchora mstari mwekundu ikikuta neno isilolijua, na "lice" inalijua vizuri sana. Ndivyo ilivyopita pia "desert", jangwa, mahali pa vitamutamu. Hivyo ni "dessert", s mbili.

Nikaelekezwa steshenari moja maeneo ya soko kuu, ambako mwalimu mstaafu wa sekondari anakaa nyuma ya mashine ya fotokopi na penseli yake. Hakai kwenye kompyuta kabisa. Unampa karatasi, anaisoma kwa sauti tangu juu hadi chini, na kila anapokwama anakuuliza, "Binti, hapa ulitaka kusema nini?" Kwenye "Chip's" na "Juice's" alinicheka waziwazi. Alisema ile ritifaa, kialama tunachokiweka kwenye ng'ombe, kwa Kiingereza haileti wingi. Chipsi ni "chips" tu. Lakini chakula maalumu cha leo kinaitaka, maana ni cha leo: "today's special". Nikamwambia, "Mwalimu, mbona huyu anaitoa, huyu anaiweka?" Akaniandikia mifano kadhaa pembeni, na karatasi ile ninayo bado.

Kibao changu cha nje nacho kilikuwa na "Open everyday". Akakikata katikati: ukisema kila siku ni "every day", maneno mawili, likiungana linakuwa sifa ya kitu cha kawaida, kama nguo za kushindia. Hili naliona limekosewa kwenye vibao vingi vya barabarani, siku hizi siwezi kupita bila kulisoma.

Kulikuwa na kaugomvi kadogo juu ya "flavour". Kijana wa kuchapa alitoa ile u kwa sababu mashine yake imewekwa Kiingereza cha Marekani. Mwalimu akairudisha: shuleni kwetu tunafundishwa tahajia ya Uingereza, na zote mbili ni sahihi, ila usizichanganye kwenye karatasi moja. Mimi ningewaachia waamue wenyewe.

Sasa lawama. Bei ni kwa ukurasa, uwe umejaa au una mistari kumi, na menyu yangu haikujaa. Adhuhuri anakwenda msikitini, akirudi anakuta foleni ya vijana na barua zao za kuomba kazi, zinazoanza na "Am writing" bila "I", na hao anawafundisha mmoja mmoja. Nilikaa mpaka nikajuta kuacha jiko. Na anapenda kuremba: pweza wangu wa nazi alitaka kumpa sentensi nzima yenye maneno ambayo hata mzungu angeomba maelezo. Nilikataa, ikabaki "octopus in coconut sauce", naye akakubali, japo kwa kununa kidogo.

Nitarudi kwake nikibadilisha bei. Ukienda, wahi asubuhi, andika kwa kuruka mstari ili penseli ipate nafasi, na usiruhusu lamineshi kabla Mwalimu hajaisoma nakala iliyochapwa. Yangu ilikuwa imeshafika mashineni alipoona kijana kaandika "prize list", orodha ya zawadi, mahali pa "price list", orodha ya bei.