Steshenari ya pale karibu na soko kuu Tabora, wanajua kazi

Jamani hawa watu wapewe maua yao. Shemeji yangu anaishi Nevada, Marekani, alikuja likizo na dedilaini ya kuomba kibali cha kuwinda elki (aina ya paa mkubwa wa kule), ambacho hutolewa kwa droo yaani bahati nasibu, ikamkutia huku Tabora, tukaenda pale kupata intaneti tu na printa. Dada wa kaunta hakuishia kufungua peji, akasoma masharti yote mstari kwa mstari na kalamu mkononi, ndo akamuonyesha shemeji vitu alivyokuwa anavipita tu miaka yote.

Kwanza pointi. Kule ukikosa kibali unapata pointi ya bonasi ya kukuongezea nafasi kwenye droo zijazo, ila uwe umelipia leseni ya uwindaji, na pointi zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe halafu inaongezwa moja, yaani mwenye 5 anaingia kwenye droo mara 26, mwenye 10 mara 101! Kwa hiyo kuruka mwaka ni hasara kabisa. Pili, ukiomba kikundi pointi zenu zinatafutiwa wastani, sasa shemeji alitaka kumuunganisha rafiki yake asiye na pointi hata moja, dada akamwambia kaka fikiria vizuri hapo. Tena nafasi za kuchagua eneo ni 5, jaza zote, usijaze moja ya maeneo yanayogombaniwa ukaacha zingine wazi.

Mtandao mchana unasumbua, nenda asubuhi. Bei kawaida. Ukiwa na fomu yoyote ya nje inayokuchanganya, nenda pale, mimi nawapa nyota 5.