Gwaride la Macy's, New York: raha ipo, ila inategemea umesimama wapi

Kiingilio hakuna, kwa hiyo nafasi inalipiwa kwa usingizi. Gwaride hili la duka kubwa la Macy's huadhimisha Siku ya Shukrani, sikukuu ya Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Siku hizi linaanza saa 2:30 asubuhi, Mtaa wa 77 kando ya bustani ya Central Park, na kuishia Herald Square, Mtaa wa 34, lilipo duka lenyewe, baada ya kilomita 4 hivi. Anayetaka mstari wa mbele awe pale saa 12 alfajiri, kiza bado hakijatoka. Akichelewa, maputo makubwa yenye maumbo ya midoli atayaona hata akiwa nyuma kabisa, maana yanapita juu ya vichwa. Atakachokosa ni bendi za tarumbeta na magari yaliyopambwa, na mtoto wa miaka minne ataona migongo ya watu tu.

Sehemu bora ni Central Park West, upande wa magharibi wa barabara, kati ya Mtaa wa 75 na wa 60. Anga liko wazi, na washika kamba za maputo ndiyo kwanza wameanza, mikono haijachoka. Puto kubwa huhitaji watu hadi 90, na kila mmoja sharti awe na uzito wa kilo 54 au zaidi, la sivyo litambeba yeye. Sixth Avenue msafara hufika baadaye, kwa hiyo unalala kidogo zaidi, lakini maghorofa yanaziba jua na upepo unapita katikati yake kama kwenye bomba. Columbus Circle na Mtaa wa 34 achana nako: Mtaa wa 34 ni pa kamera na wageni waalikwa.

Na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Wanamuziki na waigizaji wa Broadway, yaani kumbi za maigizo za New York, unaowaona kwenye televisheni huonyesha kazi yao mbele ya duka, Mtaa wa 34. Kwingineko msanii anapita akikupungia mkono, basi. Kama familia inafuata nyimbo, runinga ya nyumbani inashinda.

Upepo ndio mwamuzi. Ukivuma mfululizo zaidi ya kilomita 37 kwa saa, au ukipiga kwa ghafla zaidi ya 55, maputo makubwa hayaruki. Masharti hayo yalikazwa baada ya 1997, puto moja lilipogonga nguzo ya taa na mtu akaumia vibaya kichwani. Mvua haiahirishi kitu, 2024 ilinyesha na gwaride likapita. Vaa koti la mvua. Mwavuli unamziba wa nyuma na utagombana naye.

Kwa watoto, baridi huanzia miguuni kwa sababu wanasimama tu: soksi mbili, viatu vyenye nafasi, na kipande cha boksi cha kukanyagia. Chooni waende kabla hamjafika kwenye vizuizi, maana ukitoka mbele hurudi. Chai ya themosi wape kwa vikombe vidogo, kwa sababu hiyo hiyo.

Wenye watoto chini ya miaka mitano tunawashauri Jumatano badala ya Alhamisi. Mchana hadi jioni maputo hujazwa gesi ya heli kuzunguka Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili, mitaa ya 77 na 81. Yanalala kifudifudi chini ya nyavu, pua ya mdoli ikiwa kubwa kuliko mtoto anayeitazama. Foleni ipo, lakini inatembea, na kigari cha mtoto kinapita.

Father Christmas ndiye wa mwisho. Akishapita, usikimbilie stesheni zilizo kando ya bustani. Tembea magharibi hadi stesheni ya barabara ya Broadway, Mtaa wa 72, upande huo huo uliosimama, bila kuvuka njia ya gwaride. Treni siku hiyo hufuata ratiba ya Jumapili, kwa hiyo usiisubiri treni ya B, ambayo Jumapili haitembei. Mtoto asiyezidi sentimita 112 halipi nauli akiwa na mtu mzima.