Seti ya kuendeshea baiskeli ya injini kwa gesi ya propani: nimeitumia miezi saba, niliyoyaona ni haya

Wakuu, nianze kwa kueleza hii kitu ni nini maana kila nikipiga simu nyumbani mtu anadhani naongelea bajaji za gesi za Dar. Siyo zile. Zile zinatumia CNG, gesi asilia kama ya Songosongo, inashindiliwa kwenye mtungi mnene mpaka presha ya karibu ba 200 (ba ni kipimo cha presha) na inabaki hewa hivohivo. Propani inakaa kwenye chupa ikiwa maji, yaani kimiminika, presha yake kwenye joto la kawaida ni kama ba 8 tu, ukifungua ndo inachemka inakuwa hewa, na hayo maji yakigeuka hewa yanatanuka mara 270. Shikeni hilo la maji na hewa maana ndo lilonitesa mwezi mzima wa nne.

Mi nakaa Columbus, Ohio, huku Marekani, upande wa Cleveland Avenue, kazini ni km 7 kwenda na 7 kurudi, gari sina kwa sasa na basi la usiku ni la kubahatisha. Nilikuwa na baiskeli ya injini ya petroli miaka miwili. Ilinisaidia sana ila nafanya kwenye ghala la vyakula na supavaiza alishaniambia mara mbili nanuka petroli, halafu petroli ya huku ina ethanoli asilimia 10, ukiiacha kwenye kabureta miezi ya baridi ukija kuwasha mwezi wa tatu unakuta matundu yameziba na kitu kama vanishi. Kila mwaka nafungua kabureta, nachokonoa jeti na waya mwembamba, nanunua gasketi. Nilichoka kabisa.

Ndo nikaagiza hii seti mtandaoni, dola 410 pamoja na usafiri. Unapata injini ndogo ya fo stroki, cc 25, nguvu farasi 1, inakaa juu ya tairi la nyuma na kulizungusha kwa rola inayokandamiza mpira. Tanki la petroli hakuna, badala yake kuna regyuleta, hosi na breketi ya kushikia chupa ya propani ya pauni 1, zile za kijani watu wanapikia wakienda kambi. Cc 25 nilichagua makusudi, sheria ya Ohio inasema baiskeli ya injini isizidi cc 50, isizidi farasi 1 na kwenye tambarare isipite maili 20 kwa saa, yaani kama km 32, na inataka leseni na namba, kwa hiyo anayekuuzia ya farasi 3 akakwambia ni baiskeli tu anakutafutia polisi. Na kama una zile injini za Kichina za tu stroki usihangaike na gesi kabisa, oili yake inachanganywa ndani ya petroli na gesi haibebi oili, silinda itakwaruzika mapema sana.

Sasa regyuleta, hiki ndo kifaa unachokilipia hasa. Ndani ina kiwambo cha mpira, injini ikivuta pumzi kile kiwambo kinasogea kinafungua gesi kidogo, injini ikizima hakuna mvuto na gesi inajifunga yenyewe. Kwenye injini kubwa mvuto una nguvu na mambo yanaenda vizuri, kwenye cc 25 mvuto ni mdogo sana kwa hiyo ile skrubu ya marekebisho ukiizungusha robo tu injini inabadilika. Wiki mbili za kwanza ilikuwa inanizimikia kwenye kila taa nyekundu. Karatasi ya maelekezo waliyoweka kwenye boksi ni ukurasa mmoja na picha mbili za giza, hakuna hata mstari mmoja kuhusu hiyo skrubu. Niliwaandikia, wakajibu siku ya tano.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni breketi. Breketi yao inalaza chupa pembeni ya injini, imelala kabisa kama mtu kitandani. Siku ya kwanza nimefunga kila kitu, nimepaka povu la sabuni kwenye maungio nikaona hakuna bubujiko, nikawasha, ikawaka kwa mkupuo wa pili, safi. Nimeenda kama mita 600, kona ya kwanza injini ikaguna, ikatoa mlio kama inakabwa, ikazima. Nikashuka kuangalia nikakuta hosi ni nyeupe pee, imeganda barafu na mwezi wa nne ule nje hakukuwa na barafu hata kidogo, na regyuleta nilipoigusa ilinata kwenye kidole. Nikasubiri dakika kumi, ikawaka, mita 300 tena, ikazima. Nimeisukuma mpaka kazini nikafika nimechelewa dakika 40.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja Mkongo wa Bukavu tunayefanya naye shifti, wote tunamwita Papa, alikuwa fundi huko kwao. Alikuja parking wakati wa mapumziko, akainama akaangalia sekunde chache tu akaniambia, "Mutoto yangu, hii chupa haipashwe kulala," yaani haitakiwi kulala. Nikamwambia Papa ndo walivyoielekeza hivi. Akachukua chupa yake ya maji ya kunywa iliyojaa nusu, akaisimamisha, akanionyesha maji yako chini na mdomoni kuna hewa, halafu akailaza nikaona maji yamefika mdomoni. Hakusema tena kitu. Kumbe ndo hivyo, chupa ikilala kinachotoka siyo hewa ni propani ya maji, inaingia kwenye regyuleta iliyotengenezwa kupokea hewa, inachemkia humo, inagandisha kila kitu, na injini inapewa gesi nyingi kuliko inavyoweza kuunguza.

Na hapa nina hasira ya kweli na waliouza, maana mtu anayeuza kifaa cha gesi hilo ni jambo la kwanza kabisa kulijua, siyo la mteja kuligundua barabarani na malori yanampita.

Nilitoa ile breketi, nikachukua kipande cha bomba la plastiki la maji taka la inchi 4, nikakifunga wima kwenye keria kwa klipu za chuma, chupa inaingia humo imezungushiwa mpira wa tyubu kuukuu isigongane, mdomo juu. Kuanzia siku ile mpaka leo haijazima tena kwa sababu hiyo. Kingine nilichoongeza ni koki ya shaba ya mkono, dola 16, maana chupa za pauni 1 hazina koki, ukishazungusha kwenye adapta tayari gesi iko kwenye hosi na unategemea kile kiwambo peke yake kuizuia. Mi nikipaki nafunga koki kwanza injini inakula kilichobaki kwenye hosi mpaka inajizima yenyewe. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipai juu inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo na besmenti, kwa hiyo baiskeli naiingiza ndani ila chupa haiingii, na ukisikia ile harufu ya yai bovu usijadiliane nayo. Harufu yenyewe inawekwa makusudi, propani peke yake hainuki.

Kuiendesha sasa. Kuwasha ni raha, unabonyeza kitufe cha regyuleta mara moja, unavuta kamba, inawaka, hakuna choki. Nguvu imepungua kidogo ukilinganisha na petroli, ni kama sehemu moja ya kumi, na nadhani ni kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa mle ndani ya silinda. Tambarare huoni tofauti, daraja linalovuka barabara kuu inabidi nipige pedali. Mvua ikinyesha rola inateleza kwenye tairi ila hilo ni la rola siyo la gesi. Mlio ni mlaini na moshi hamna, supavaiza hajaniambia kitu tena tangu mwezi wa nne.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni oili. Injini hii inabeba mililita 80 tu, kikombe kidogo cha kahawa, na ile ya petroli nilikuwa nikimwaga baada ya masaa 25 inatoka nyeusi tii. Hii nimemwaga mara mbili, zote imetoka rangi ya asali, nikaiweka kwenye chupa ya kioo nikampelekea Papa akaiangalia dhidi ya taa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Plagi nayo kavu, kijivu, haina masizi. Nimepunguza pengo lake kidogo tu maana gesi inataka cheche kali zaidi.

Hela. Hapa niwe mkweli kabisa maana matangazo yao yanasema unaokoa. Chupa moja ina gramu 465, kwangu inaenda km 42 hivi, na dukani chupa ni dola 6. Kwa miezi saba nimetembea kama km 1,700, ningekuwa nanunua chupa mpya ingekuwa karibu dola 240. Petroli ya umbali huohuo isingefika hata dola 30. Galoni ya propani ina nguvu kama robo tatu tu ya galoni ya petroli, hilo halikwepeki. Na zile chupa za kijani usijaribu kuzijaza tena ukatembea nazo, soma maandishi yake pembeni, imeandikwa kabisa kuwa sheria ya shirikisho inakataza kusafirisha iliyojazwa upya, faini mpaka dola 500,000 na jela miaka 5. Nilinunua mbili za aina inayoruhusiwa kujazwa, zina valvu ya usalama na skrubu ya kutolea hewa, mtungi mkubwa wa pauni 20 uko kwa shemeji mwenye nyumba yenye uwanja maana apatimenti yangu hawaruhusu, na kila Jumamosi najaza pale nje. Napima kwenye mzani wa jikoni, uzito wa chupa tupu nimeuandika kwa makapeni, ikiongezeka gramu 465 naacha, hata kama ina nafasi, maana maji ya propani yakipata joto yanatanuka na lazima yaachiwe nafasi. Kwa njia hiyo chupa inanitoka chini ya dola 1, bado petroli ni rahisi kidogo ila tofauti nailipa kwa moyo mweupe.

Baridi: propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri kwa hiyo baridi ya Ohio haiwezi kuizima kabisa, ila presha inashuka sana, na injini ikivuta mfululizo chupa yenyewe inajipoza. Mwezi huu wa 11 asubuhi ya nyuzi 4 chini ya sifuri, chupa ikiwa imebaki robo, dakika ya 12 ilianza kulegea na chupa ilikuwa na mstari wa barafu pale yalipofika maji yake, unaona kabisa kimebaki kiasi gani. Sasa asubuhi za baridi natoka na chupa iliyojaa. Usiipashe kwa moto wala hita, nasema hivi kwa sababu nimeshaulizwa.

Na kwa walioko nyumbani wanaouliza kama unaweza kufunga mtungi wa jikoni, gesi ya kupikia ya kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani, kwa joto la Tanga inachemka bila shida, ila usimwache fundi aunganishe na regyuleta ya jiko, ile inaachia gesi muda wote injini ivute isivute.

Nyota nampa 3 kati ya 5, injini na regyuleta ni 5, breketi na maelekezo vimekula zilizobaki. Mwezi uliopita niliwatumia picha ya hosi iliyoganda na picha ya bomba langu, wamenirudishia dola 18 za breketi. Kwenye ukurasa wao wa mauzo chupa bado imelala, kwa hiyo ukiagiza waambie wasikuwekee breketi, na hiyo dola 18 ongeza kwenye koki.