Picha za mandhari za Kijapani zilizochapwa kwa mbao: ununue ipi kwanza

Mwaka juzi nilitoa dola 90 kwenye mnada wa mtandaoni kwa "Hiroshige halisi, ya kale", yaani picha ya Hiroshige, mchoraji wa Kijapani wa karne ya 19. Ilikuwa ile ya kituo cha wasafiri cha Shono, watu wameinama wakipanda mlima huku mvua ya ghafla ikiwapiga. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano, ina hadi doa la kutu pembeni. Nikaiwekea lenzi ya fundi saa. Vidoti! Vyekundu, vya buluu, vya njano, vimejipanga mistari kama ufuta juu ya mkate. Nilikuwa nimenunua ukurasa wa kitabu uliochovywa kwenye chai. Muuzaji hakujibu tena.

Kwa hiyo kabla ya bei, lenzi. Picha iliyochapwa kwa mkono haina vidoti. Rangi imelala bapa na imenywewa na nyuzi za karatasi. Igeuze. Upande wa nyuma utaona rangi imepenya, na mara nyingi utaona michirizi ya mviringo ya baren, kile kisahani kilichofungwa kwa ganda la mwanzi ambacho mchapaji husugulia karatasi juu ya ubao. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya upande wa nyuma, achana naye.

Jambo lingine linalowachanganya wengi ni neno "orijino". Hokusai, mchoraji mwingine wa enzi hiyo, hakuchonga mbao za picha zake wala hakuzichapa. Alichora, mchongaji akabandika mchoro wake juu ya ubao wa mcheri na kuukata, mchoro wenyewe ukaishia hapo hapo, mchapaji akapaka rangi, ubao mmoja baada ya mwingine, na mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji na kuuza. Zilikuwa bidhaa za mtaani, bei yake haikuzidi sana bakuli la tambi. Basi usiulize tu "ni ya zamani?" Uliza imechapwa na nani, lini, na ubao ulikuwa katika hali gani.

Mpangilio wangu, kwa mtu anayenunua ya kwanza, ni huu.

1. Nakala mpya iliyochongwa upya kwa mkono. Najua wakusanyaji watanuna. Lakini karakana kama Adachi ya Tokyo bado ina wachongaji na wachapaji wanaofanya kazi kwa njia ileile, kwenye karatasi ya magome ya kozo, na "Wimbi Kubwa" la Hokusai linatoka likiwa na buluu ile kali iliyowashangaza watu wa Edo (Tokyo ya leo) miaka ya 1830, ilipokuwa rangi mpya kutoka Ulaya. Bei kwa kawaida ni kati ya dola 100 na 200. Ishike pembeni mwa dirisha, mwanga uipitie kwa ubavu: utaona karatasi imebonyea pale ubao ulipokanyaga. Unapata kitu kinachokaribia alichokiona mnunuzi wa kwanza, kabla jua halijala rangi. Hakikisha tu imeuzwa kama nakala, na jina la karakana limeandikwa.

2. Hasui au Yoshida. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mchapishaji Watanabe Shozaburo alifufua kazi hii mwanzoni mwa karne ya 20, na Kawase Hasui (1883–1957) akamchorea theluji, mvua na usiku ambavyo sijaona mtu akivishinda. Picha yake ya mwaka 1925 ya hekalu jekundu la Zojoji, mwanamke na mwavuli wake kwenye theluji, ukiiona mara moja huisahau. Tetemeko la Tokyo la 1923 liliteketeza mbao za Watanabe, ndiyo maana Hasui wa kabla ya hapo ni adimu na ghali. Chapa zilizotolewa baada ya kifo chake kwa mbao zake za baada ya tetemeko hupatikana kwa dola mia kadhaa. Mhuri wa Watanabe pembeni, ambao umbo lake lilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, ndio unaokuambia umri.

Yoshida Hiroshi (1876–1950) ni habari nyingine. Mwaka 1926 alitoa majahazi ya bahari ya ndani ya Japani: mbao zilezile, rangi zikabadilishwa, ikawa asubuhi, alasiri, ukungu, jioni, usiku. Tafuta herufi mbili za *jizuri* ukingoni upande wa kushoto. Maana yake kazi ilichapwa chini ya usimamizi wake mwenyewe. Bila mhuri huo, usilipe bei ya mhuri.

3. Hiroshige wa karne ya 19 aliyechoka. Chapa iliyofifia, iliyokatwa kingo, yenye matundu ya wadudu, inaweza kushuka hadi mia chache. Ni kitu cha kale kweli, lakini anga limekufa: ile *bokashi*, rangi inayofifia taratibu kutoka giza hadi nyeupe, haipo tena. Mimi ningesubiri.

4. Bango. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York linatoa picha zake nyingi za Hokusai bure, kwa ubora mkubwa. Pakua, kachape mwenyewe. Usimlipe mtu dola 40 kwa hilo.

Chapa za mwanzo kabisa za "Wimbi Kubwa" sizipangi. Moja iliuzwa New York mwaka 2023 kwa zaidi ya dola milioni 2.7. Ukikutana nayo kwa bei ya kutupa, soma tena aya ya kwanza.

Kuhusu fremu: kadibodi isiyo na asidi, kioo kisiguse karatasi, na kwa sisi wa pwani acha nafasi ya hewa nyuma, la sivyo ukungu utaingia msimu mmoja tu wa masika. Yangu, ya Hasui, nilipoipeleka kwa fundi fremu alishachukua seloteipu mkononi. "Itashika vizuri, bosi." Nikaichomoa picha mezani kwake, nikarudi kesho yake na vipande viwili vya karatasi laini na uji wa wanga wa ngano kwenye kopo, tukaibandika pamoja kwa juu tu, chini ikabaki huru.